Uzi: Chakula cha mume na mke wanaotafuta mtoto, kwa mazingira yetu ya Moshi na Arusha

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, naandika uzi huu kwa sababu swali la "nile nini ili nishike mimba" huulizwa hapa mara kwa mara, na majibu yake mengi huishia kwenye namba ya simu ya muuza unga wa mizizi. Mimi ni mkazi wa Moshi na kazi yangu ni ya lishe. Nitaeleza ninayoyajua kuhusu chakula na uzazi, na vyakula nitakavyovitaja ni vile tunavyovinunua Mbuyuni, Kilombero au Soko Kuu la Arusha, pamoja na vinavyotoka kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba.

Naanza na jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Chakula kinaweza kusaidia yai kupevuka kwa wakati wake, kinaweza kuboresha mbegu za mwanamume, na kinaweza kuuandaa mwili wa mama ili mimba ikitunga ikute akiba ya kutosha. Hakiwezi kuzibua mirija. Nalisema hili mapema kwa kuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara, kuziba kwa mirija ya uzazi ni miongoni mwa sababu kubwa za mwanamke kutoshika mimba, na chanzo chake mara nyingi ni maambukizi: klamidia na kisonono ambavyo havikutibiwa, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, na wakati mwingine kifua kikuu cha njia ya uzazi. Kovu lililoziba mrija halijui kama umekula parachichi au hujala. Kwa hiyo mke na mume waliokutana mwaka mzima bila kinga na mimba haikutunga, au miezi sita ikiwa mke amevuka miaka 35, waende hospitali wote wawili huku wakiendelea kula vizuri.

Baada ya hapo tuingie jikoni.

Kirutubishi cha kwanza ambacho mwanamke anayetafuta mtoto anapaswa kukijua ni asidi ya foliki. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanzia kwenye mfereji mdogo ambao hufunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba itungwe, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Mfereji huo usipofunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi au na kasoro ya ubongo ambayo hawezi kuishi nayo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu anapoanza kutafuta mimba, aendelee hadi wiki ya 12. Vidonge vya kliniki ya wajawazito tunavyoviita FEFO vina madini ya chuma na asidi hiyo hiyo, lakini mama anayevipata kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne amekwisha kupitwa na wakati ule wa mwanzo. Duka la dawa mara nyingi huwa na vidonge vya miligramu 5, ambavyo ni zaidi ya mara kumi ya kiasi nilichotaja. Kiwango kikubwa kama hicho ni kwa watu maalumu, kwa mfano aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, na kinapangwa na daktari.

Kwenye chakula, kirutubishi hiki kimo kwa wingi katika maharage, choroko, dengu, mchicha, mnafu na parachichi. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina mikrogramu 200 au zaidi kulingana na aina, ingawa mwili hauchukui yote. Mboga za majani ni rahisi kuziharibu. Mnafu unaochemshwa mpaka maji yanageuka rangi, kisha maji yale yakamwagwa ili kupunguza uchungu, umemwagwa pamoja na sehemu kubwa ya faida yake, kwa kuwa kirutubishi hiki huyeyuka katika maji na hakipendi moto wa muda mrefu. Chemsha kwa maji kidogo, epua mapema, na kama uchungu unakushinda changanya na mchicha au weka maziwa, kama mama zetu wanavyofanya.

Mwaka 2013 nchi yetu ilianza mpango wa taifa wa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Unga wa kiwandani ulioongezwa virutubishi huwa na asidi ya foliki, chuma na zinki. Dona tunayosaga kwenye mashine ya mtaani ina ubora wake wa nyuzinyuzi, ila kwa kawaida haijaongezwa chochote. Anayekula dona tu asidhani kwamba amekwisha kupata mgawo wake.

Suala la pili ni protini na mafuta. Utafiti unaonukuliwa zaidi katika eneo hili ulifanyika Marekani na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007. Uliwafuatilia wauguzi 17,544 kwa miaka kama minane. Wanawake waliopata sehemu kubwa zaidi ya protini yao kutoka kwenye mimea badala ya nyama walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata ugumba unaotokana na yai kutopevuka, na waliokula kwa wingi mafuta yaliyogandishwa kiwandani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi. Utafiti wa namna hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, wala hauthibitishi kwamba moja limesababisha lingine, na wauguzi wa Marekani hawali kama mama wa Uru. Hata hivyo naupenda kwa sababu unatuelekeza kwenye vyakula tunavyovijua. Kiburu cha ndizi na maharage, makande, kande ya choroko, ugali na dengu ni vyakula vilivyokuwapo kihambani kabla ya chipsi mayai kufika stendi. Mafuta ya kukaangia chipsi yanayorudiwa asubuhi hadi usiku mpaka yanakuwa meusi ndiyo ningeyaondoa kwanza katika mlo wa mtu anayetafuta mtoto.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nyama ni adui. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba takriban asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Mwanamke wa namna hiyo anahitaji chuma, na chuma cha nyama, dagaa na samaki hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha maharage. Anayetegemea maharage na mboga aongeze limao, chungwa, nyanya mbichi au hoho katika mlo huo huo, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma cha mimea kufyonzwa. Chai ya rangi inayoshushia chakula hufanya kinyume chake, basi ingojee saa moja hivi. Na dada zangu mnaobeba udongo wa kula kwenye pochi, udongo huo hushika chuma tumboni kisitumike. Hamu yenyewe ya kuula mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Nendeni mkapime.

Nakaribisha maswali.

Binti wa Tengeru

Shikamoo mkuu, na ahsante kwa uzi huu. Nina maswali mawili. La kwanza, nimeambiwa hospitalini kwamba ovari zangu zina vifuko vingi na homoni zimevurugika, na nikashauriwa nipunguze uzito, lakini sikuelezwa nipunguze kwa kula nini. La pili, mama mkwe wangu ana ng'ombe wa ndani, na kila nikienda ananipa maziwa ya moto moto yaliyotoka kukamuliwa, akisema kwamba yanafungua kizazi. Siwezi kumkatalia mama mkwe. Je, yana madhara?

Mleta uzi

Marahaba, dada yangu. Kwa mwenye ovari za namna hiyo na uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wa mwili huweza kurudisha hedhi na kupevuka kwa yai. Ikiwa una kilo 90, hizo ni kilo nne na nusu hadi tisa, kwa hiyo usiwaze kurudi kwenye uzito wa siku ya harusi. Tatizo lenyewe kwa sehemu kubwa ni mwili kushindwa kuitumia insulini vizuri, nayo insulini ikizidi huzichochea ovari zitoe homoni nyingi za kiume. Kwa hiyo anza na sukari ya kunywa: soda, juisi za pakiti, na chai yenye vijiko vitatu ikifuatana na maandazi mawili. Kisha angalia sahani yako ya mchana. Wengi wetu tunapakua wali au ndizi robo tatu ya sahani, mchuzi juu, na mboga kiasi cha kupamba. Geuza: mboga za majani zichukue nusu, maharage au samaki robo, wanga robo. Ndizi mshare ni chakula kizuri, lakini nayo ni wanga, na bakuli la machalari lililojaa viazi na ndizi halipunguzi uzito kwa sababu tu ni chakula cha asili. Ugali wa ulezi au wa dona hushibisha zaidi kuliko sembe nyeupe kwa kiasi kile kile. Tembea kila siku.

Naongeza jambo kwa wale walio upande wa pili. Arusha ni mji wa wakimbiaji, na wapo mabinti wanaokimbia sana huku wanakula kidogo mpaka hedhi inakata. Mwili uliokosa nishati huahirisha uzazi. Binti wa namna hiyo anahitaji chakula zaidi na mazoezi pungufu, na ushauri niliokupa wewe asiutumie.

Sasa maziwa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mama mkwe anisamehe. Maziwa yenyewe ni chakula chema. Hata utafiti ule wa wauguzi ulikuta waliokunywa maziwa yenye mafuta yake yote wakiwa na nafuu kidogo kuliko waliotumia yaliyoondolewa mafuta. Tatizo ni ubichi. Kanda yetu ya kaskazini ina brusela, ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na mbuzi, ambao humwingia binadamu kwa maziwa mabichi, na pia kwa kumsaidia mnyama kuzaa bila kinga. Kwa mtu huleta homa zinazokwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na wagonjwa wengi hutibiwa malaria au taifodi kwa muda mrefu kabla ya kujulikana wana nini. Kwa mjamzito unaweza kuharibu mimba. Kwa mwanamume unaweza kuvimbisha korodani na mirija yake, na hapo familia itakuwa imeleta ugumba kwa kinywaji kinachodhaniwa kuuponya. Kugandisha maziwa si kinga ya kutegemea. Yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe. Mlaso wa damu mbichi nao ni vivyo hivyo.

Usimkatalie mama mkwe. Fika mapema, ingia jikoni, mwambie, "Mama, leo acha nikuchemshie mimi maziwa ya chai." Maziwa yakishaumuka na kuchemka mbele ya macho yake, mnywe pamoja.

Kibosho Juu

Mkuu, umesema na akina mama tu. Sisi wanaume tunaambiwa tutafune karanga mbichi, nazi na muhogo mbichi kutoka kwa vijana wa mikokoteni, jioni tushushie na supu ya makongoro. Pia nataka kujua kuhusu mbege, kwa sababu huku kwetu hakuna kikao bila mbege, na babu zetu walikunywa wakazaa.

Mleta uzi

Kaka, umeuliza swali ambalo wanaume wengi huliuliza kwa mzunguko. Katika matatizo ya ndoa kukosa mtoto, mwanamume huchangia karibu nusu ya kesi, peke yake au pamoja na mke, lakini katika familia zetu mke ndiye anayezungushwa kwa waganga mpaka anachakaa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa na wenye mikokoteni. Nguvu za kiume ni jambo moja na ubora wa mbegu ni jambo lingine. Mwanamume anaweza kuwa imara kitandani na shahawa zake zikawa hazina mbegu hata moja, na hilo halionekani kwa macho. Linaonekana kwa kipimo. Karanga, nazi na muhogo ni chakula cha nishati, na sina ugomvi navyo isipokuwa muhogo mchungu ukiliwa mbichi, ambao una sumu ya sianidi.

Kuhusu karanga na jamii zake, upo utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ambapo wanaume 117 vijana wenye afya waligawanywa, baadhi wakila gramu 75 za jozi (walnut) kila siku kwa wiki 12 na wengine wakijizuia. Waliokula walionyesha mbegu zenye uhai na mwendo bora zaidi. Jozi si karanga. Ina mafuta ya omega-3 ambayo karanga haina kwa kiasi cha kutajika. Sisi omega-3 tunaipata kwenye samaki na dagaa, kwa hiyo kwa hali yetu ningependekeza konzi ya karanga au korosho, na dagaa au perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu mara mbili au tatu kwa wiki. Karanga ziwe safi. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupwe, kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Mbege ni ndizi na ulezi, na watu hudhani kwamba kwa hiyo ni uji. Ni pombe, na kinachohesabika ni kiasi. Anayekunywa sana kila siku, iwe mbege, bia au konyagi, hushusha homoni yake ya kiume na huharibu uzalishaji wa mbegu. Kuhusu babu zetu, waliozaa kumi tunawajua kwa kuwa ndio wenye wajukuu wa kutusimulia. Ambao hawakuzaa hawana wa kuwasimulia. Sigara nayo iachwe. Na kwa vijana wa jimu, sindano za homoni za kukuza misuli huuambia mwili uache kutengeneza mbegu kabisa, na wakati mwingine huchukua miezi mingi kurudi.

Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na siku kadhaa zaidi kukomaa na kusafiri. Anayebadilisha mlo leo apime matokeo baada ya miezi mitatu. Anayekuahidi mabadiliko ndani ya siku saba hajui mwili wako unavyofanya kazi, au anajua na hajali.

Fundi wa Sakina

Mtoa mada unatetea hospitali. Mimi nilinunua vidonge vya zinki kwa bei kubwa kutoka kwa mtu anayevitangaza mitandaoni, akasema kwamba utafiti wa Wazungu umethibitisha kuwa zinki na foliki zinaongeza mbegu. Na huo unga wa mizizi unaoudharau, shangazi yangu aliutumia akazaa.

Mleta uzi

Ndugu fundi, aliyekuuzia hakukueleza habari yote. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililowahusisha wanaume 2,370 ambao wenzi wao walikuwa wakitafuta mimba kwa msaada wa wataalamu. Nusu walipewa miligramu 30 za zinki na miligramu 5 za asidi ya foliki kila siku kwa miezi sita, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Ubora wa mbegu haukutofautiana, watoto waliozaliwa hawakutofautiana, na waliomeza zinki walilalamika zaidi kuumwa tumbo na kichefuchefu. Mwanamume asiye na zinki ya kutosha ataipata kwenye nyama, dagaa, maharage na mbegu za maboga, ambazo wengi wetu tunazitupa kwa kuku.

Kuhusu shangazi, nampongeza. Wapo wanandoa wengi wanaochelewa na kisha kupata mtoto bila dawa yoyote, na kile walichokuwa wakitumia mwezi ule ndicho kinachopewa sifa. Sidharau mizizi kwa kuwa ni mizizi. Nimeukagua mkebe wa unga mmoja uliotembezwa sokoni: karatasi iliyobandikwa iliandikwa "homoni, PID, mirija, uvimbe, nguvu za kiume" (PID ni maambukizi ya via vya uzazi vya mwanamke), haikuwa na jina la mmea hata mmoja, wala kiasi cha kutumia zaidi ya "kijiko asubuhi na jioni". Mwanamke anayetafuta mimba anaweza kuwa mjamzito tayari anapomeza kijiko hicho, na hakuna anayeweza kumwambia kilichomo.

Mama Wawili

Mimi nina watoto wawili na wa tatu amegoma kwa muda mrefu. Naomba kuuliza kuhusu kahawa, kwa sababu nyumbani kwetu Machame kahawa ni ya asubuhi na jioni. Pia mume wangu amekubali kupima baada ya kusoma uzi huu. Ajiandaeje?

Mleta uzi

Dada, kahawa usiiogope. Kiwango kinachoshauriwa kwa kawaida ni kafeini isiyozidi miligramu 200 kwa siku, ambayo ni kama vikombe viwili vya kahawa ya kawaida. Ila kahawa chungu iliyochemshwa kwa muda mrefu ina nguvu zaidi, basi kwa hiyo hesabu kikombe kimoja kuwa kingi. Chai nayo ina kafeini, iingize kwenye hesabu. Kwa kuwa umewahi kuzaa, usiache kumweleza daktari kama uliwahi kupata homa au uchafu wenye harufu baada ya uzazi uliopita, kwa sababu hapo ndipo mirija huanza kuharibika, nayo nimekwisha kuisemea.

Shemeji naye akae bila kukutana nawe kati ya siku mbili na saba kabla ya kutoa sampuli, na kama ameugua homa kali miezi ya karibuni amwambie mpimaji, kwa sababu homa hushusha mbegu kwa muda. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini cha kulinganishia ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita, lakini kupungua chini ya hapo katika kipimo kimoja si hukumu. Apunguze pombe, aache sigara, ale dagaa na mboga pamoja nawe mezani, na kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu katika maabara ile ile, ili mlinganishe karatasi mbili zilizosomwa kwa namna moja.